Sura ya Tano: Wote ni Kina Nani?

Mashine ilikikataa kidole gumba cha kulia, ikakikataa cha kushoto, kisha ikavikataa vilivyobaki kimoja kimoja. Kijana mwandikishaji alikifuta kioo kwa pindo la shati lake, akamwomba bibi apanguse mikono kwenye kanga ajaribu tena. Bibi akapangusa, akajaribu, mashine ikalia mlio wake mfupi wa kukataa. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi na laini kama kokoto za mtoni. Amebangua korosho tangu usichana wake, na mafuta ya ganda la korosho yanaunguza. Huichubua ngozi msimu hadi msimu, mpaka ile mistari ambayo mashine inaitafuta inafutika.

Tulikuwa katika ofisi ya kijiji kimoja cha bonde la Ruvuma, Mtwara Vijijini, si mbali na kivuko cha Kilambo. Kijiji sitakitaja. Foleni ilianzia mlangoni, ikauzunguka mkorosho wa uani na kuishia barabarani. Watu hawakuja kwa ajili ya kitambulisho chenyewe. Walikuja kwa yale yanayofunguliwa na namba ya NIDA, Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa: laini ya simu, akaunti ya benki na, kama walivyokuwa wakiambizana kwenye foleni, bima ya afya.

"Nataka bima, mwanangu," bibi aliniambia tulipokuwa tumekaa benchini. "Ya nyumba nzima."

Nyumba nzima ni watu sita: yeye mwenyewe, binti yake, mkwe wake na wajukuu watatu. Bibi ana presha. Zahanati humpima bure, kwa kuwa wazee wasiojiweza waliotimiza miaka 60 wana msamaha, lakini mara nyingi dirisha la dawa humwambia dawa imekwisha, akanunue dukani. Mjukuu wa katikati havuki msimu wa masika bila malaria. Binti yake alikuwa na mimba ya miezi sita. Mkwe ni mvuvi, mtu mwenye nguvu, hajaugua siku nyingi. Naye ni wa ng'ambo ya mto, Msumbiji.

Meza ya vidole haikuwa ya mwisho. Pembeni yake palikuwa na meza nyingine, na nyuma yake ameketi afisa uhamiaji, kijana mstaarabu, aliyeinuka kidogo kumpokea mzee.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Umezaliwa wapi?"

"Hapahapa."

"Na mama yako?"

"Kionga."

Kalamu ikasimama. "Kionga ni Msumbiji, bibi."

"Ndiko alikozaliwa. Na mama yake kazaliwa hukohuko, enzi za Mjerumani."

Jibu la bibi lilikuwa sahihi kuliko alivyojua yeyote kati yetu pale ofisini, nami nilirudi nyumbani kulichunguza. Kionga iko kusini mwa mahali Ruvuma unapoingia baharini, umbali ambao mtu akiamka na maji kupwa huuenda na kurudi siku hiyohiyo. Mwaka 1887 Wareno waliishambulia Tungi, ghuba iliyo kusini yake, wakaitoa mikononi mwa Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1894 Wajerumani wakaja na manowari, wakaichukua pembe ya Kionga na kuiunganisha na koloni lao, lile lililokuwa na Lindi, Mikindani na Dar es Salaam. Mwaka 1916, vita vya kwanza vikipamba moto, Wareno wakaitwaa, na mkataba wa Versailles wa 1919 ukawathibitishia. Kwa hiyo mwanamke aliyezaliwa Kionga mwaka 1910 alizaliwa katika nchi moja na aliyezaliwa Mikindani. Akazaa binti mahali palepale, chini ya minazi ileile, na binti huyo akawa mtu wa nchi nyingine. Binti akaolewa kaskazini mwa mto, akamzaa bibi wetu. Katika vizazi vitatu hakuna aliyehama zaidi ya mwendo wa siku moja. Mpaka ndio uliohama.

Afisa hakuuliza vile kwa ukorofi. Swali lake lina mzizi katika sheria. Mtu aliyezaliwa Tanganyika kabla ya tarehe 9 Desemba 1961 hakupata uraia siku ya uhuru kwa kuzaliwa kwake peke yake. Ilitakiwa pia mzazi wake mmoja awe amezaliwa ndani ya nchi. Baba wa bibi alizaliwa kaskazini mwa mto, hilo kijiji kizima kinalijua, lakini hakuacha hata kipande cha karatasi kinachosema hivyo. Kwa hiyo kinachojulikana na wote hakina ushahidi, na kilicho wazi ni Kionga. Fomu ya bibi ilipigwa mhuri na kuwekwa kwenye jalada la zile zinazohitaji uchunguzi zaidi. Jalada hilo lilikuwa nene.

Ninaanza na bibi kwa makusudi. Tunapozungumza juu ya wageni na huduma za afya, mazungumzo hukimbilia upesi kwa mtu aliyevuka usiku na mtumbwi. Yule anayezuiwa kwanza, na kwa wingi zaidi, ni raia asiyeweza kuthibitisha uraia wake, na ukanda wa mpaka umejaa watu wa namna hiyo. Kila unapokaza masharti ya kumtenga mgeni, bibi ndiye anayesimama mbele ya foleni.

Zamani swali hili halikuwapo kwenye dirisha la zahanati. Wapo wanaodhani halikuwapo kwa sababu watu walikuwa wakarimu zaidi. Ukarimu ulikuwapo, sikatai, ila sababu kubwa ni nyingine. Baada ya Azimio la Arusha matibabu kwenye vituo vya serikali yalikuwa bure, na kitu kikiwa bure hakina mlango wa kumsimamishia mtu na kumuuliza yeye ni nani. Mgonjwa aliandikwa jina, kijiji na maradhi.

Miaka hiyohiyo Mtwara ilibeba mzigo ambao wengi wamekwisha kuusahau. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na mapigano yalipoanza Septemba 1964 watu wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, walimiminika kuvuka Ruvuma. Serikali ikafungua makazi kwa ajili yao Rutamba kule Lindi, Muhukuru na Lundo kule Ruvuma. Wengine hawakufika makazi hayo kamwe. Walikaribishwa na wajomba, wakapewa shamba, wakawa wanakijiji. Na hapa mjini Mtwara FRELIMO ilikuwa na hospitali yake, iliyopewa jina la Américo Boavida, daktari wa Angola aliyeuawa vitani mwaka 1968. Walitibiwa humo wapiganaji na raia wa Msumbiji, hospitali ya wageni katika mji wetu, yenye jina la mgeni, na nchi maskini kuliko ilivyo leo ikaona hilo ni jambo la kawaida. Sisemi haya ili tujutie yaliyopita. Ninayasema kwa kuwa huwa tunaambiwa kwamba jambo hili haliwezekani, ilhali limewahi kufanyika, na lilifanyika hapa.

Mlango ulijengwa baadaye, tofali kwa tofali, na kila tofali lilikuwa na sababu nzuri. Mwaka 1993 serikali ilianza kuchangisha wagonjwa hospitalini, kwa sababu hazina ilikuwa tupu. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulijaribiwa Igunga, ili mkulima alipe wakati ana fedha za mavuno badala ya kulipa siku anayougua. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ilitungwa 1999, na watumishi wa serikali wakaanza kukatwa mwaka 2001. Mwaka 2018 ile CHF ikaboreshwa: kaya ya watu hadi sita, shilingi 30,000 kwa mwaka, kutibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwetu ni Ligula. Hatimaye Novemba 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na Rais Samia Suluhu Hassan akaitia saini mwezi huohuo.

Naipenda sheria hiyo. Nimeona kaya ikiuza mbuzi wawili na shuka za harusi kwa ajili ya upasuaji mmoja, na najua bima ingewaokoa. Lakini bima ni uanachama, na uanachama una daftari. Mwenye daftari lazima aulize jina, na baada ya jina, ushahidi wa jina. Matibabu ya bure yalimuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Bima, kabla ya hapo, inamuuliza yeye ni nani. Hilo ndilo badiliko kubwa, na limefika mpakani bila mtu kulijadili kwa sababu lilikuja limevaa vazi la kheri.

Sheria inataka kila mkaazi wa Tanzania Bara awe na bima. Imesema mkaazi, na nadhani neno hilo limebeba tumaini zima la sura hii. Tatizo ni namna ukaazi unavyothibitishwa. Kwa raia, ni namba ya NIDA. Kwa mgeni, ni kibali cha ukaazi, na vibali viko vya daraja A kwa mwekezaji, B kwa mwajiriwa wa kampuni, na C kwa wanafunzi, watafiti na wengine wa aina hiyo. Mwenye kibali naye anaweza kupewa kitambulisho na NIDA, cha mgeni mkaazi. Zaidi ya hapo kuna mgeni wa matembezi. Zanzibar imemwekea utaratibu wake tangu tarehe 1 Oktoba 2024: dola 44 kwa bima ya safari, analipa kabla hajatua.

Sasa mtafute mkwe wa bibi katika orodha hiyo. Si mwekezaji, si mwajiriwa wa kampuni, si mwanafunzi, si mtalii. Ni mvuvi aliyevuka maji kabla ya vita vya Cabo Delgado, akaoa, akapewa mahali pa kujenga na wakwe zake, na sasa anasomesha watoto watatu. Raia wa Msumbiji hahitaji viza kuingia Tanzania, kwa hiyo siku ya kwanza hakuvunja sheria yoyote kubwa. Siku zilipopita ndipo akawa haramu, taratibu, bila kunyanyua mguu.

Wapo wengi wa namna yake. Nenda mashamba ya korosho ya Nanyamba na Tandahimba wakati wa palizi uone vibarua wanazungumza Kimakonde cha wapi. Nenda Msimbati au Msanga Mkuu, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, usikilize Kimwani kikichanganyika na Kiswahili madau yanapoegeshwa. Ng'ambo nako wako watu wa kwetu: wanalima mpunga upande wa kusini wa bonde, wanavua, wanauza chumvi na vitenge. Bonde hili ni moja, na watu wake wameligawana kwa koo kabla hawajagawanyiwa kwa nchi.

Kuna jambo la sheria ya uraia ambalo sijawahi kusikia likizungumzwa Mtwara, na linaniuma. Sheria ya Uraia ya 1995 inampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa ndoa yake. Mwanamume wa kigeni aliyemuoa Mtanzania hana njia hiyo. Anaomba kama mgeni mwingine yeyote, kwa masharti yote na gharama zote. Huenda sehemu nyingine za nchi jambo hili halionekani sana. Kwa Wamakonde na Wamakua, ambao ukoo wao ni wa mama, mtoto ni wa mjomba, na mume kuhamia upande wa mkewe si jambo la kushangaza hata kidogo, sheria imemkatia njia yule hasa ambaye desturi imemleta. Mkwe wa bibi amepokewa na ukoo, na anaitwa baba na watoto ambao ni Watanzania kwa mama yao. Kwenye fomu ya kaya ya watu sita yeye ni nafasi tupu.

Binti wa bibi aliniuliza kwa sauti ya chini, asisikike mezani: "Kaka, nikimwandika mume wangu, watamfuata?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Hofu yake haikutoka hewani. Tangu Oktoba 2017, wapiganaji walipoivamia Mocímboa da Praia kule Cabo Delgado, vita vimekuwa jirani yetu. Oktoba 2020 vilivuka: kijiji cha Kitaya, upande huu wa mto, kikashambuliwa, watu wakauawa na nyumba zikachomwa moto. Machi 2021 mji wa Palma, ng'ambo, ukavamiwa, na maelfu wakakimbia kuelekea kaskazini. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilisema mwaka huo kwamba zaidi ya watu 9,000 walirudishwa Msumbiji kupitia Negomano, ng'ambo ya Mtambaswala, mahali palepale lilipo Daraja la Umoja ambalo marais wa nchi mbili walilifungua Mei 2010. Simlaumu askari aliyekesha mpakani baada ya Kitaya. Wazazi wa Kitaya wana haki ya kulala. Lakini tangu wakati huo swali "wewe ni wa wapi?" lina uzito mwingine katika masikio ya watu wa bonde, na haliwi jepesi kwa sababu tu limeulizwa na mtu aliyevaa koti jeupe.

Matokeo yake hayaonekani kwenye takwimu kirahisi, maana ni mambo ya watu kutokuja. Mwanamke wa ng'ambo mwenye mimba ana haki ya huduma ya uzazi bila malipo kama mwenzake. Msamaha wa wajawazito na wa watoto chini ya miaka mitano ni sera ya miaka mingi, na wauguzi ninaowafahamu hawamfukuzi mtu mwenye uchungu. Ila yeye hajui hivyo. Anachokijua ni kwamba mwenzake aliambiwa alete barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti akasema hawezi kumwandikia mtu asiyekuwa kwenye daftari lake la wakaazi. Basi anahudhuria kliniki mara moja badala ya mara nne au nane, au anasubiri mpaka uchungu umshike, ndipo apakiwe kwenye pikipiki usiku, barabara ya mchanga, kuelekea Nanguruwe.

Na kuna kuazima jina. Hili ndilo ninaloliogopa kuliko yote, na kila muuguzi wa ukanda huu analifahamu. Dada mwenye kadi ya bima anamwazima mke wa kaka yake kadi. Mgonjwa anaingia kwa jina lisilo lake, anapimwa, matokeo yanaandikwa kwenye jalada la mtu mwingine. Miezi miwili baadaye mwenye kadi anakuja mwenyewe, na daktari anasoma kundi la damu ambalo si lake, au dawa inayomdhuru mtu mwingine, au kipimo cha virusi vya UKIMWI ambacho hajawahi kuchukuliwa. Mfuko wa bima unaita jambo hilo udanganyifu, na kwa hesabu za Mfuko ni kweli ni hasara. Kinachozidi hasara ya fedha ni kwamba kumbukumbu za tiba za watu wawili zimeharibika kwa mpigo mmoja, na mmoja wao ni raia mwenye kadi halali aliyelipa mchango wake wote.

Tukitaka kuona mambo yanakoelekea yakiachwa tu, tutazame Wamakonde wa Kenya. Tangu miaka ya 1930 walikwenda kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa ya pwani, Kwale na kwingineko. Wakazaa, wakazika, wakachonga vinyago vilivyouzwa kwa watalii kama sanaa ya Kenya, na kwa miongo minane hawakuwa raia wa nchi yoyote. Bila kitambulisho hawakuweza kuandikishwa kwenye bima ya afya ya taifa wala kufungua akaunti wala kusajili laini ya simu kwa majina yao. Oktoba 2016 walianza safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi, wakafika hadi Ikulu, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho. Leo wanaitwa kabila la 43 la Kenya. Baada yao wakafuata Washona, kisha Wapemba wa Kilifi na Kwale mwaka 2023. Nilipokuwa nikisoma habari zao nilikuwa nikiwaona watu wa bonde la Ruvuma, maana ni ndugu zao wa damu. Kwa Wamakonde wa Kwale, kazi ya kalamu ya siku chache ilisubiri watu wazaliwe, wazeeke na kufa bila karatasi.

Kuna hoja moja inayostahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu wanaoisema si watu wabaya. Wanasema dawa hazitutoshi sisi wenyewe, bibi anaambiwa akanunue dukani, sasa tumwandikishe na wa ng'ambo? Nimeifikiria sana. Kwanza, mvuvi yule haombi bure. Yuko tayari kulipa mchango wa kaya yake, na mchango wa mtu mwenye nguvu asiyeugua ndio unaoutunisha mfuko wa bima. Kumkataa ni kuikataa fedha yake na kumsubiri aje siku amevunjika mguu, atibiwe kwa dharura isiyo na wa kuilipia. Pili, maradhi hayana daftari la wakaazi.

Jambo hilo la pili serikali yetu inalielewa vizuri pale inapotaka. Februari 2022 Malawi ilitangaza polio ya asili, ambayo Afrika ilidhani imeiaga, na Mei mwaka huohuo ikatokea Tete, Msumbiji. Tanzania haikungoja. Ilianza Machi na mikoa ya mpakani, Ruvuma ikiwamo, kisha ikachanja nchi nzima. Wachanjaji walipita nyumba kwa nyumba na visanduku vyao vya baridi, wakampa kila mtoto matone mawili na kumpaka wino kidole, wakaandika mlangoni kwa chaki. Hakuna aliyeulizwa bibi yake alizaliwa wapi. Dawa za kifua kikuu ni hivyohivyo, na dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ni hivyohivyo: anayeishi hapa anatibiwa hapa, kwa sababu tunajua kumwacha ni kujiacha wenyewe. Hatujakataa kanuni hiyo. Tumekataa tu kuivusha kutoka kwenye chanjo hadi kwenye presha na uzazi.

Kuna nchi iliyoivusha. Thailand ina mpaka mrefu na Myanmar, wenye vita vya muda mrefu na vibarua wanaovuka kila siku, na tangu mwaka 2001 imekuwa ikiwauzia wahamiaji kadi ya bima kwa mwaka, hata wale walioingia bila hati. Mwaka 2010 ikatenga fungu jingine kwa watu ambao uraia wao haujathibitishwa bado, yaani watu kama bibi. Wahamiaji wengi hawakununua, kwa kuogopa au kwa kukosa fedha, na baadhi ya hospitali zilisita kuuza kadi kwa wagonjwa wa gharama kubwa. Lakini mlango upo na una jina, na anayekataliwa anaweza kulalamika. Jirani zetu Rwanda walianza mwaka 2019 kuwaingiza wakimbizi wa mijini kwenye bima ya jamii, ileile ya wananchi.

Kwetu ingetosha kuanza na kidogo. Bima ya kaya itambue kaya. Mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wanajua nani analala chini ya paa lipi; wakiandika kwamba mtu anaishi kijijini mwaka wa tatu, hilo likubaliwe na Mfuko kuwa ushahidi wa ukaazi, na daftari la afya lisipelekwe uhamiaji. Uhamiaji wana kazi yao na mlango wao wa kuifanyia. Anayesubiri uchunguzi wa uraia apewe namba ya muda ya matibabu siku hiyohiyo fomu yake inapowekwa kwenye jalada nene. Haya hayahitaji Bunge likae upya. Yanahitaji kanuni na waraka, na mtu mmoja Dodoma atakayekumbuka kwamba neno lililoandikwa ni mkaazi.

Baada ya saa tisa foleni ilipungua. Bibi aliitwa tena kwenye meza ya kwanza, kijana akampaka mafuta ya mgando kwenye vidole, akasubiri, akajaribu mara ya mwisho. Kidole cha pete cha mkono wa kushoto kilikubali nusu, kikakatika.

"Bibi, upumzishe mikono. Ukiacha kubangua, ngozi inarudi. Uje tena tukipita."

"Nipumzike mpaka lini?"

Kijana alifikiri. "Miezi miwili, mitatu."

Bibi akaanza kuhesabu kwa vidole vilevile. Ilikuwa Novemba, korosho ndiyo kwanza zimejaa ghalani na kazi ya kubangua imeanza. Binti yake angejifungua Februari. Akafika kidole cha tatu, akakikunja, akamtazama mkwe wake aliyekuwa amesimama mbali, chini ya mkorosho, upande usioonekana kutoka kwenye meza ya pili.